Deli la maji ya bahari: kutoka Unguja hadi Entebbe kutafuta virusi

Nimerudi Unguja wiki iliyopita. Daftari langu liliingia maji kurasa nne, kwa hiyo saa na bei nyingine nimezitoa kwenye picha za simu na risiti zilizojikunja mfukoni. Kabla sijaondoka kila mtu aliniuliza swali lilelile: wewe mtu wa bahari, Uganda unakwenda kusoma bahari gani? Swali zuri. Kozi ilikuwa ya siku nane, ya ikolojia ya virusi vya majini, na mwalimu wake mkuu maisha yake yote amefanya kazi baharini. Lakini washiriki tulitoka nchi sita na wengi walikuwa watu wa maziwa: Victoria, Kivu, Tanganyika, Malawi. Wa pwani tulikuwa wawili tu, mimi na kijana mmoja wa Kilifi. Malazi na chakula vililipwa, nauli kila mtu na mfuko wake. Ndiyo maana nilikwenda kwa barabara.

Siku ya 1, Ijumaa. Buyu, Malindi, Dar

Barua ya maelekezo ilisema kila mshiriki aje na maji ya kwao, yaliyochujwa, yakae baridi na gizani. Nilichota alfajiri kwetu Buyu, pwani ya Unguja, maji yakiwa yamejaa, nikakaa barazani na bomba la sindano lisilo na ncha na vichujio vyenye matundu ya mikromita 0.22. Bakteria hukwama kwenye tundu hilo, virusi vingi hupita. Kila baada ya mililita ishirini au thelathini kichujio kinaziba, unachukua kingine. Hadi saa nne nilikuwa na chupa sita za mililita hamsini hamsini na kidole gumba kilichovimba.

Deli la kuwekea barafu nililiazima kwa mjomba wangu, anauza samaki Malindi ya Unguja mjini. Alilisugua kwa ndimu na sabuni, akanikabidhi huku akinitazama machoni: "Lirudi zima." Boti jioni, elfu thelathini na kitu. Bahari ilichafuka kidogo, nikalala.

Siku ya 2, Jumamosi. Dar hadi Mwanza, karibu

Basi la alfajiri kutoka Mbezi, elfu sabini. Kampuni siitaji. Konda alitaka deli liende kwenye buti. Nikamwambia kule chini ni jiko. Tukapatana niliwekee miguu juu, na kwa saa ishirini na kitu nikaishi magoti yakiwa kidevuni. Kila kituo nilishuka kununua barafu za mifukoni: Morogoro, Dodoma, Singida. Mia mbili, mia tatu.

Mbele ya Singida mkanda wa feni ukakatika. Saa nane mchana, jua la kukaanga, na fundi aliitwa kutoka mbali. Baada ya saa moja na nusu nilifungua deli nikakuta barafu imekuwa maji na chupa zinaelea kama maboya. Hapo ndipo likapita fuso la samaki, linatoka Mwanza, likasimama kutuuliza kama tuna maji ya kunywa. Nikamwendea utingo, nikamweleza shida yangu bila kutumia maneno makubwa: nina maji ya bahari, yakipata joto safari yangu imekufa. Alicheka sana. "Dada, unapeleka maji ya bahari ziwani?" Halafu akapanda nyuma, akafukua kwa koleo kati ya sangara, akanijazia deli mpaka kifuniko kikawa hakifungi. Barafu ilikuwa ya kusagwa, ya rangi ya pinki kidogo, inanuka samaki. Nilitaka kumpa elfu mbili, akasema nimnunulie soda siku tukionana tena.

Basi lilitengemaa jioni. Sehemu iliyobaki mpaka Mwanza sikumbuki kitu.

*Kwa atakayebeba sampuli kwa basi:* nunua tiketi ya siti ya mbele kabisa, kule kuna nafasi ya miguu. Funga kila chupa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa sababu barafu ikiyeyuka inachafua kila kitu. Na andika majina kwa penseli. Wino wangu wa kalamu ulifutika kwenye chupa mbili.

Siku ya 3, Jumapili. Mwanza

Tulifika alfajiri. Nililala nyumba ya wageni karibu na kituo kwa elfu ishirini, mchana nikaenda Mwaloni, Kirumba, kutafuta barafu na kushangaa magunia ya dagaa. Usiku nikapanda meli ya Bukoba. Kitanda cha daraja la pili ni kitamu kuliko siti yoyote ya basi. Mama mmoja wa kitanda cha chini alisali kwa sauti tulipokuwa tunaacha gati. Akaniambia baadaye kwamba Mei 1996 alimpoteza dada yake kwenye MV Bukoba, na tangu hapo hapandi meli bila kusali, lakini basi la kuzunguka Geita linamtia kichefuchefu zaidi. Akanipa ndizi mbili.

Siku ya 4, Jumatatu. Bukoba, Mutukula, Entebbe

Asubuhi Bukoba, mvua. Novemba ni msimu wa senene, panzi wa kuliwa, wanauzwa kwa kikombe kila kona. Mimi si mlaji, nilionja wanne kwa heshima. Wana ladha ya karanga zilizokaangwa na vitunguu.

Kutoka Bukoba hadi mpakani ni kama kilomita 80, lami nzuri. Tulivuka Kagera pale Kyaka, daraja ambalo majeshi ya Amin yalilivunja mwaka 1978. Abiria mzee aliyekuwa pembeni yangu alinyoosha kidole tu, "hapo," bila kuongeza neno.

Sasa Mutukula. Kituo ni cha pamoja, unapigiwa mihuri yote miwili kwenye jengo moja upande unaoingia. Foleni ilikuwa fupi, nikafurahi mapema. Kabla ya pasipoti kuna meza ya afya: kipima joto cha kuelekezea usoni, ndoo ya maji ya kunawa, na afisa aliyevaa glavu. Mkoa wa Kagera ulikuwa na Marburg mwaka 2023 na mwaka 2025, Uganda nayo imekuwa na Ebola mara kadhaa, kwa hiyo meza ile haifanyi mzaha.

"Dada, hii deli iko na nini ndani?"

Nilikuwa nimechoka. Nikajibu ukweli mtupu: "Virusi."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu alirudi hatua mbili. Afisa akasimama. Nikajaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi: nikamwambia si vingi, ni vya kawaida tu, kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari kinakuwa na kama milioni hamsini. Ni kweli; maji ya juu ya bahari huwa na virusi kama milioni kumi kwa kila mililita. Lakini kuna mahali pa kusema jambo hilo, na si kwenye meza ile.

Niliwekwa kwenye benchi kwa saa mbili na dakika ishirini. Akaitwa mkubwa wake, mzee mwenye miwani, Kiswahili chake kimenyooka cha kambini. Nikatoa barua tatu: ya chuo changu, ya ruhusa ya kusafirisha sampuli, na ya wenyeji wa kozi. Alizisoma zote, mpaka mihuri. Halafu akaniuliza:

"Inaua mtu?"

"Hapana, mzee. Inaua bakteria. Kila aina na bakteria wake."

"Inaua bakteria." Akafikiri. "Basi hiyo si ugonjwa. Hiyo ni dawa."

Nilikuja kukumbuka sentensi ile darasani siku nne baadaye, mwalimu alipotueleza jinsi Félix d'Hérelle alivyowapa jina bakteriofagi, walaji wa bakteria, mwaka 1917, na jinsi alivyofikiria moja kwa moja kuwatumia kutibu. Mzee wa Mutukula alifika hapohapo kwa dakika moja, bila darasa.

Akaomba kadi yangu ya njano, akaitazama, akanirudishia. "Sasa hii ndiyo ninayoijua." Muhuri.

*Kwa atakayepita:* kadi ya homa ya manjano ni lazima, na tangu 2016 sindano moja inahesabika ya maisha, usikubali kuambiwa imeisha muda. Raia wa Afrika Mashariki halipii viza. Badilisha fedha kidogo tu mpakani, ya kufikia Masaka. Na kama una sampuli, toa barua kwanza, maneno baadaye.

Taksi, yaani daladala kwa Kiganda cha barabarani, ilinifikisha Masaka, nyingine Kampala. Kayabwe tulivuka Ikweta kwa kasi ya kilomita mia kwa saa, picha yangu inaonesha nusu ya duara jeupe na bega la mtu. Kabla ya hapo tulikuwa tumesimama Lukaya, vijana wanakimbilia madirisha na mishikaki, kuku na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Gonja mbili, shilingi elfu moja ya Uganda. Foleni ya kuingia Kampala sitaki kuizungumza. Entebbe nilifika saa nne usiku, na jambo la kwanza niliuliza ni jokofu liko wapi.

Siku ya 5, Jumanne. Kufahamiana

Hosteli iko umbali wa kutembea kutoka ziwani. Chai ya maziwa, mihogo, yai. Watu ishirini na mmoja.

Kozi ilikuwa ya Kiingereza, lakini meza ya chakula ilijigawa yenyewe. Yetu ilikuwa ya Kiswahili: mimi, yule wa Kilifi, dada wa Kisumu, kaka wa Bujumbura, na daktari wa mifugo kutoka Bukavu ambaye kila kitu chenye "vi" hukiita "bi". "Birusi biko mingi," ndivyo alivyofupisha hotuba ya kwanza, na hiyo ikawa salamu yetu ya kila asubuhi. Waganda wenyewe wako katikati. Baraza lao la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kifundishwe shuleni, ila fundi wa maabara, kijana wa Mukono, alituambia kwa bibi yake bado ni lugha ya askari. Alikuwa anajifunza kwetu. Neno lake la kwanza la Kizanzibari lilikuwa "ati".

Mwalimu mkuu ni Mnorwei. Alianza na mwaka 1989, watafiti wa Bergen walipohesabu virusi kwenye maji kwa hadubini ya elektroni na kupata hadi milioni 250 kwa mililita. Kabla ya hapo iliaminika ni vichache mno kuwa na maana. Sasa makadirio ni kwamba bahari yote ina virusi kumi kwa kipeo cha thelathini. Curtis Suttle wa Kanada alipiga hesabu kwamba vikipangwa mstari mmoja vitafika kama miaka-nuru milioni kumi. Na kila siku huua karibu moja ya tano ya uhai wote wa vijidudu baharini. Yule wa Kilifi aliniandikia kwenye kikaratasi: *Na bado tunaogopa papa.*

Halafu tangazo baya. Mzigo wa vichujio vya mikromita 0.02, vile vya kukamata virusi vyenyewe kwa ajili ya hadubini, ulikuwa umekwama forodhani. Karatasi moja ilikosekana, aliyetuma hakuiambatisha.

Siku ya 6, Jumatano. Nakiwogo

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Nakiwogo, gati ambako feri ya kwenda Kalangala hupakia. Tulikodi boti mbili za mbao, shilingi elfu arobaini kila moja pamoja na mafuta. Nahodha wetu ni mzee wa Homa Bay, miaka ishirini Uganda. Samaki mmoja anamtaja kwa majina matatu kwenye sentensi moja, mukene, omena, dagaa, kutegemea anamtazama nani.

Nilizoea bahari inayoonesha kivuli chako kwenye mchanga mita sita chini. Hapa nilitumbukiza mkono na vidole vikapotea. Pembezoni maji yalikuwa rojo la kijani, kama mchicha uliosagwa na kusahaulika. Ni sianobakteria, yaani bakteria wa kijani, wanashiba mbolea na maji taka yanayoingia ziwani. Nilichota chupa, nikaiinua kwenye mwanga: chembe za kijani zinapanda taratibu na kutulia juu, zina vifuko vya hewa ndani.

Nahodha akauliza tunatafuta nini. Dada wa Kisumu akamweleza kwa Kijaluo, mimi nikaomba anieleze na mimi. Alisema hivi: fikiria gunia la dagaa linapelekwa gatini. Likifika, linapanda meli, linawalisha wakubwa mbali huko. Sasa gunia lipasuke njiani. Kuku wa pale gatini wanakula, meli inaondoka tupu. Bakteria ni gunia, virusi ndivyo vinavyolipasua. Chakula ambacho kingepanda kwa vijidudu wakubwa, kwa vifaranga vya samaki, kwa sangara, kinamwagika na kurudi kuwalisha bakteria wengine. Wataalamu wanauita mchepuo wa virusi. Nimesoma makala tatu juu ya jambo hili na sijawahi kulielewa vile.

Nahodha alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo virusi ndiyo inanipunguzia samaki?"

"Na ndiyo inazuia maji yote yasiwe rojo kama lile," dada akajibu, akionesha kijani. Mzee hakuridhika, na kusema kweli jibu halikuwa kamili. Rojo bado lilikuwepo.

Kiamsha kinywa gatini: rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, nyanya na kabichi. Elfu tatu, moto, kwenye karatasi ya mtihani wa hisabati wa mtu.

Siku ya 7 na ya 8, Alhamisi na Ijumaa. Maabara

Kwa kuwa vichujio havikufika, mwalimu aligeuza ratiba: tutawinda virusi kwa kuvipa chakula. Chakula chenyewe ni *Vibrio natriegens*, bakteria wa baharini asiye na madhara, maarufu kwa kujigawa kwa chini ya dakika kumi akiwa na joto na shibe. Ila anataka chumvi, na maabara ya watu wa ziwa haina chumvi ya bahari. Fundi wa Mukono akatoka na pakiti ya dukani. Haikufaa, ina madini joto. Akapendekeza, kwa uso mkavu kabisa, aagize ya Katwe, ziwa la chumvi la magharibi, "ni usiku mmoja tu kwa basi". Mwishowe ilipatikana chupa ya chumvi safi nyuma ya kabati, tukaipima.

Kazi yenyewe ni ya jikoni. Agari, jeli ya kuoteshea bakteria, ngumu chini ya sahani. Juu yake unamwaga agari laini, vuguvugu, iliyochanganywa na bakteria na matone ya maji yako. Ikiwa moto sana unaua kila kitu, ikipoa inaganda kwenye bomba na mabonge. Sahani yangu ya kwanza ilitoka na mabonge kama uji wa mgonjwa. Ya tatu ikawa nyororo. Saa kumi jioni umeme ukakatika, jenereta ikagoma. Bakteria wetu hawakujali, hali ya hewa ya Entebbe iliwatosha.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya chai. Bakteria walikuwa wameota wakafunika sahani kwa ukungu mmoja wa rangi ya maziwa, kama pumzi kwenye kioo. Sahani ya maji matupu: ukungu mtupu. Sahani ya Nakiwogo: ukungu mtupu, ingawa maji yale yamejaa virusi kuliko yangu. Ni vya bakteria wa ziwani, huyu mla chumvi hawamjui. Sahani ya Buyu nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza. Upande wa kushoto, karibu na ukingo, kulikuwa na kitundu cha mviringo, kisafi, ukubwa wa kichwa cha pini. Cha pili chini yake. Cha tatu kikubwa zaidi, kimezungukwa na duara la ukungu uliofifia. Kila kimoja kilianzia kwa kirusi kimoja kilichomkuta bakteria mmoja, kikampasua, watoto wake wakapasua majirani, usiku kucha, mpaka pakabaki uwazi unaoonekana kwa jicho.

Vitatu. Kutoka Buyu, kwa boti, basi bovu, barafu ya sangara, meli na benchi la Mutukula. Daktari wa Bukavu alikuja akatazama. "Eh, bilifika!"

*Kwa atakayehudhuria kozi za namna hii:* njoo na vichujio vyako vya ziada, kalamu ya kuandikia kioo na kiendelezi cha umeme. Soketi ni za pini tatu kama zetu. Vitu vinavyokwamisha kazi huku si akili wala hadubini. Ni vitu vidogo vya dola kumi vinavyopaswa kuvuka mpaka.

Siku ya 9, Jumamosi. Jinja

Basi dogo, safari ya saa tatu na nusu kwa sababu ya foleni ya Kampala. Namawojjolo ni kuku wa kuchoma tena, kisha Msitu wa Mabira unapita kwa baridi ya ghafla. Jinja tulitembelea taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, ambayo ilianzia 1947 kama shirika la Afrika Mashariki nzima, kisha vizimba vya sato karibu na pale Naili inapoondoka ziwani.

Kwenye vizimba ndipo neno "virusi" lilipata tena ukali wake. Mwaka 2014 wanasayansi wa Israel walieleza kirusi kipya kinachoua sato, na mwaka 2018 ikachapishwa kwamba alama zake za vinasaba zimepatikana kwenye sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, wa kufugwa na wa porini. Binadamu hakimdhuru. Msimamizi alitukanyagisha beseni la dawa kabla ya kupanda boti, akakataza mtu kugusa wavu. Nilimuuliza kama akiona samaki wanakufa hufikiria virusi kwanza. Alisema hapana, hufikiria hewa. Mwanzoni mwa 2021 sangara walikufa kwa wingi na wizara ikasema ni upungufu wa oksijeni. "Kirusi ni maneno ya watu wenye maabara," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Chakula cha mchana: matoke na mchuzi wa karanga, elfu kumi.

Siku ya 10, Jumapili. Msitu wa Zika

Siku ya mapumziko, lakini mwenyeji wetu alikuwa ameomba ruhusa mapema ya kutupeleka Zika, kando ya barabara ya Kampala karibu na Kisubi. Ni msitu mdogo kuliko jina lake. Aprili 1947 kima wa majaribio namba 766 aliyewekwa hapa ndani ya kizimba alipata homa. Watafiti walikuwa wanatafuta homa ya manjano, wakapata kirusi kingine. Taasisi yao ya Entebbe ilianza 1936 kwa ajili ya homa hiyohiyo. Kwa hiyo kadi ile aliyoitambua mzee wa Mutukula ina ukoo hapa.

Mnara wa chuma wa kutegea mbu uko bado, mita thelathini na kitu. Nilipanda nusu, miguu ikakataa. Mwalimu wa Norwei alikaa chini kwenye mzizi akasema yeye ana miaka thelathini anasoma virusi na hajawahi kufanya kazi na hata kimoja kinachomfanya mtu augue.

Mvua ilitukimbiza. Boda hadi hosteli, watu wawili nyuma, elfu sita.

Siku ya 11 na ya 12, Jumatatu na Jumanne. Vichujio vimefika

Saa tano asubuhi, kwenye bahasha isiyozidi ukubwa wa daftari.

Maji unayapitisha kwenye kichujio chenye tundu dogo kiasi kwamba virusi vinabaki juu, unatia rangi inayonasa kwenye vinasaba, unaweka chini ya hadubini ya mwanga wa buluu. Shida ni giza. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa na pazia la bure. Nikatoa kanga yangu, tukaibandika kwa gundi ya karatasi, na kwa siku mbili wanasayansi wa nchi sita wakafanya kazi chini ya maandishi *Mgeni njoo, mwenyeji apone*, yakisomeka kinyume kwa jua la nyuma. Fundi aliomba tafsiri, akayaandika kwenye daftari lake la Kiswahili.

Mwanzo huoni kitu. Unakaa, macho yanazoea, halafu chini ya madoa makubwa ya kijani, ambayo ni bakteria, zinaanza kujitokeza nukta. Ndogo sana, nyingi sana, kali, kama anga la Makunduchi usiku usio na mwezi. Hazitikisiki. Unahesabu mraba baada ya mraba kwa kibonyezo cha kidole, na zinafifia unavyozitazama, kwa hiyo unaharakisha. Mimi na wa Kilifi tulihesabu kichujio kimoja cha Nakiwogo tukatofautiana karibu mara mbili. Mwalimu alisema hiyo ni kawaida siku ya kwanza, akatutuma turudie.

Maji ya Buyu yalitoka na nukta chache za kutia huzuni. Baada ya siku kumi na moja kwenye chupa, hata kwenye baridi, virusi vingi vimeoza. Vile vitatu vya kwenye sahani vilikuwa masalia. Kuhesabu bahari yangu vizuri kunataka nihesabu papo hapo, siku ileile, Unguja, na hadubini kama ile. Hilo niliandika kwenye fomu ya maoni, kwa herufi kubwa.

Siku ya 13 hadi ya 16. Kurudi

Masaka nilipita usiku. Kando ya barabara mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, taa kali nyeupe zimewashwa, na hewa imejaa senene wanaojigonga na kuteleza ndani. Dereva alizima redio ili tusikie.

Mutukula, safari hii jengo la upande wa Tanzania, lakini mzee wa miwani alikuwa amesimama kwenye ua akinywa chai na wenzake. Alilitambua deli kabla yangu.

"Virusi zako ziko wapi?"

Nilimwonesha picha ya sahani kwenye simu, nikaikuza. Akavua miwani, akaisogeza karibu na uso.

"Mbona ni matundu tu?"

Nikamwambia ndiyo hayo. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akanirudishia simu na kuniambia nijihadhari na mvua ya Bukoba.

Meli, basi, boti. Safari hii hakuna kilichokatika. Deli nimelirudisha Malindi likiwa zima. Mjomba alilifungua, akaingiza kichwa, akanusa, akasema samaki wake wiki nzima watanuka spiriti ya hospitali.